Meza Fupi katika Sebule Tupu

Katika vyombo vya nyumba, hapana kinachochaguliwa kwa fikira chache kuliko meza fupi ya sebuleni. Kitanda hununuliwa kwa kuwa binadamu hana budi kulala, na sufuria kwa kuwa hana budi kula. Lakini meza ile iwekwayo mbele ya makochi, ambayo Waingereza huiita kwa jina la kahawa hata kama haijapata kuona kikombe cha kahawa, hununuliwa aghalabu kwa kuwa jirani anayo. Kwa hiyo ni chombo chema cha kujifunzia uhakiki. Umezoea, msomaji, kuambiwa darasani uhakiki shairi au tamthilia: useme kilichomo, jinsi kilivyoundwa, na kama muundo wake unafaa kazi yake. Maswali hayo hayakuwekwa kwa ajili ya vitabu peke yake. Meza nayo imetungwa na mtu. Ina umbo, ina dai, na yaweza kusema kweli au kusema uongo.

Wewe huna sebule bado. Lakini haitapita miaka mingi kabla hujakodi chumba chako cha kwanza, na siku hiyo hutakosa washauri. Picha za magazeti na za simu zitakuonyesha chumba cheupe chenye kochi moja, zulia moja na meza moja katikati, wala hapana kitu kingine. Mtindo huu wa vitu vichache unasifiwa sana siku hizi, na baadhi ya sifa hizo ni za haki. Nataka tuupime, na mahali nilipochagua pa kuupimia ni mji wa Isiolo, nchini Kenya.

Mji huo umekaa mpakani mwa nchi mbili zisizofanana. Kusini yake ardhi hupanda kuelekea Meru na Mlima Kenya, penye mvua, mashamba ya kahawa na miti ya mbao. Kaskazini yake hushuka kwenye nyika ya malisho ambayo barabara kuu huipasua mpaka Marsabit na Moyale. Wakazi wake ni Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana, Wasamburu na wengineo, na miongoni mwa Wasomali wa mji wako wazao wa askari waliopewa makao hapo na serikali ya Kiingereza baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Basi katika mtaa mmoja waweza kukuta nyumba yenye makochi ya mahameli yaliyojaa chumba, na hatua chache kutoka hapo nyumba ambayo wenyewe hupokea wageni juu ya mkeka na mito. Watu wa nyumba hii ya pili wameishi na vitu vichache tangu zamani, wala hawakufundishwa na gazeti lolote. Ndiyo sababu nimeleta mizani Isiolo.

Tazama kwanza nyumba ya mfugaji ahamaye. Nyumba ya Kisomali iitwayo aqal, na zile za Wagabra na Warendille zinazofanana nayo, huundwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka. Wanawake ndio wajenzi. Siku ya kuhama nyumba hufunguliwa, mikeka hukunjwa, na fito zile zile zilizokuwa paa hufungwa juu ya ngamia zikawa tandiko la kubebea mizigo. Vyombo vya maziwa, vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi au kuchongwa kwa mti, vina kamba zao za kutundikia ukutani, na kamba hizo hizo huvitundika safarini. Chombo kisichokubali kufungwa hakiingii katika nyumba hiyo, hata kiwe kizuri namna gani. Ngamia ndiye mhakiki, na uhakiki wake ni mkali kupita wa mwalimu yeyote: kila kitu hakina budi kutoa hoja kwa nini kibebwe.

Mzee wa Kiturkana naye hutembea na ekicholong, kigoda kidogo kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti, chenye utepe wa ngozi wa kushikia. Mchana ni kiti, na anapojilaza ni mto wa kichwa. Hakina kiungo, kwa hiyo hakina kiungo cha kulegea. Hakina pambo lililobandikwa juu yake; uzuri wake umo katika mpindo wa ule uso unaopokea shingo, nao ulipindwa hivyo kwa kuwa shingo imepinda. Kama ningetakiwa kutaja chombo kimoja cha Kenya kinachostahili kuwekwa mbele ya wanafunzi wa ufundi kama shairi teule linavyowekwa mbele ya wanafunzi wa fasihi, ningekitaja hicho bila kusita.

Sasa linganisha na ile picha ya chumba cheupe. Chumba kile kimekuwa kitupu vipi? Mwenye kukipiga picha ana blanketi, ana viatu vya mvua, ana pasi, ana vitabu vya watoto na mtungi wa gesi. Vimekwenda wapi? Vimo katika makabati yaliyofichwa ukutani, au katika vyumba vingine ambavyo mpiga picha hakuviingia. Utupu ule una stoo nyuma yake. Sisemi kwamba ni vibaya kuwa na stoo. Nasema picha imeificha, na msomaji wa picha akidhani kwamba atapata utupu ule kwa kununua meza, amedanganywa. Mpangaji wa Isiolo ambaye chumba chake kimoja ndicho sebule, ndicho ghala, na usiku ndicho mahali pa kulala watoto, akinunua meza ya picha hiyo hapunguzi vitu vyake, ameviongeza kimoja.

Na kahawa yenyewe, iliyoipa meza hiyo jina, haikuzaliwa mezani. Waborana wana desturi ya buna qalaa, yaani matunda ya kahawa yaliyokaangwa katika samli, ambayo huandaliwa penye sherehe na baraka. Neno hilo buna ni ndugu wa neno letu buni, kahawa ambayo bado haijakaangwa. Hapo hapana meza. Pana chombo na mikono inayopokezana. Pwani nako, muuza kahawa wa Lamu au Mombasa hupita na dele lake na vikombe vidogo, na wanywaji wameketi barazani, kikombe mkononi, hadithi mdomoni. Hata neno meza tulilipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Ndani ya nyumba kazi hiyo imefanywa muda mrefu na sinia. Sinia huja limejaa, hutua kati ya watu, huondoka tupu, na chumba hurudi kama kilivyokuwa. Ukilifikiri vizuri, sinia ni meza iliyojua wakati wa kuaga.

Wajapani, ambao mtindo wa vyumba vitupu umeazima mengi kwao, waliliona jambo hilo hilo. Meza yao fupi iitwayo chabudai ina miguu inayokunjika. Familia huketi chini kuizunguka wakati wa kula, kisha hukunjwa na kuegemezwa ukutani, na magodoro hutandikwa pale pale ilipokuwa. Chumba chao kilikuwa kitupu kwa sababu ile ile ya mfugaji: mahali pamoja palikuwa na kazi nyingi, na kila kazi ilidai nafasi yake kwa zamu.

Hatuna haki ya kuzihukumu meza za kisasa kwa kutazama zile dhaifu tu, basi na tuitazame iliyo bora. Isamu Noguchi, mchongaji aliyezaliwa Marekani mwaka 1904 kwa baba Mjapani na mama Mmarekani, alibuni meza fupi ambayo kampuni ya Herman Miller ilianza kuiuza katika mwaka 1947. Ina vipande vitatu tu. Viwili ni vya mti, na vinafanana kabisa. Kimoja kimegeuzwa juu chini na kuunganishwa na mwenzake, vikawa mguu mmoja wenye mabawa mawili. Cha tatu ni kioo kizito chenye pembe tatu zilizoviringwa, ambacho hukaa juu kwa uzito wake mwenyewe. Tazama werevu wake: umbo moja limetumika mara mbili, na kioo hakifichi kazi iliyo chini yake, bali huionyesha. Mchongaji alitaka tuone sanamu, akatuwekea sanamu mahali pa kuwekea kikombe. Hiyo ni tungo ya kweli, na mtu aiitaye takataka ya Kizungu hajaitazama.

Lakini tungo njema ina mahali pake pa kusomewa. Meza ya Noguchi yataka chumba kikubwa, ili macho yapate kuizunguka. Ikibanwa na makochi pande zote, ile miguu haionekani tena, na kilichobaki ni kioo. Na kioo katika Isiolo ni mtumishi mgumu. Upepo wa kiangazi huleta vumbi kutoka nyikani, na vumbi lionekanalo kidogo juu ya mbao huonekana lote juu ya kioo. Asubuhi hupanguswa, adhuhuri huandikika kwa kidole. Nani atakayelipangusa? Katika nyumba nyingi si yule aliyeichagua meza. Ni binti wa nyumba, tena kabla ya kufungua daftari lake. Hilo nalo ni sehemu ya bei, ingawa muuzaji halitaji. Yale maigizo yanayouzwa kwa bei nafuu, yenye kioo chembamba na miguu isiyolingana, yamepoteza werevu wa asili yakabakiza taabu yake.

Yako mengine ya kusema juu ya meza nyingine inayojulikana sana Kenya: ile nzito ya mbao iliyopakwa vanishi ya kung'aa, yenye vistuli vilivyosukumwa chini yake na vitambaa vya kufuma juu yake. Wapenda vitu vichache huicheka. Mimi siicheki sana. Vistuli vyake hutoka mgeni ajapo, kila mtu akapata pa kuweka chai yake, kisha hurudi tumboni mwa mama yao. Hiyo ni akili ile ile ya sinia. Vitambaa vyake vilifumwa kwa mkono, na mkono huo ulikuwa na jina. Kosa lake ni uzito. Watu wawili wenye nguvu ndio waiwezao, na kwa hiyo haisogei, na kwa kuwa haisogei, nyumba nzima huishi kwa kuizunguka.

Hebu tuache maneno tuchukue utepe wa kupimia. Chumba cha kupanga katika miji yetu aghalabu hakizidi futi 10 kwa 12, yaani mita 3 kwa mita 3.6 hivi. Weka makochi pande mbili zinazotazamana katika ule upana wa mita 3. Kochi la kawaida lina kina cha sentimita 90 hivi. Mawili yamekula sentimita 180, na zimebaki 120. Weka katikati meza yenye upana wa sentimita 60. Kila upande umebakiza sentimita 30. Mtu mzima ataka kiasi cha sentimita 45 ili apite bila kugonga ugoko, na huyo hajabeba birika la chai ya moto. Hesabu hiyo haiwezi kubembelezwa. Au ipime kwa njia nyingine: meza yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 60 hufunika chini ya mita moja ya mraba, lakini ukiongeza njia ya sentimita 45 kuizunguka, imeshika zaidi ya mita 3 za mraba, na chumba chote hakifiki 11. Meza haikai mahali pake peke yake. Hukaa na kivuli chake, na kivuli kile hulipiwa kodi kila mwezi.

Kipo kipimo kingine ambacho hakimo katika vitabu vya mafundi, nacho katika Isiolo hakikwepeki. Mgeni ameingia, ameandaliwa chai, na wakati wa sala umefika. Anaomba mahali pa kutandika msala. Kibla cha Isiolo ni kaskazini, kwa kupinda kidogo sana upande wa mashariki. Je, chumba chaweza kumpa mgeni huyo urefu wa mtu anayesujudu, kwa upande huo, pasipo watu watatu kuitwa kuinua meza? Kama mtoto wa miaka 12 aweza kuisogeza peke yake bila kumwaga kitu, meza hiyo imefaulu. Kama mgeni ataambiwa akasali uani kwa ajili ya meza, basi meza imekuwa mwenye nyumba.

Fikiri pia juu ya bibi aliyekaa chini maisha yake yote. Nyumba imejengwa upya, mkeka wake umekunjwa na kuwekwa nyuma ya mlango, na ameketishwa juu ya kochi mbele ya meza ya kioo. Hapo hukaa ukingoni, magoti yamebanana, kikombe amekishika kwa mikono miwili kwa kuogopa kukiweka juu ya kitu kinacholia kama kengele. Hakuna aliyemdharau kwa maneno. Kilichomdharau ni urefu wa vitu. Meza inayofuata makochi huwa na kimo cha sentimita 40 hadi 45. Aliyeketi juu ya mkeka huiona kama ukuta wa kifuani. Meza ya sentimita 30 humfaa yeye, na mwenye kochi huifikia kwa kuinama kidogo. Hizo sentimita 10 au 15 ndizo zinazoamua nani ni wa nyumba hiyo na nani amekuja kutembea. Nimesoma makala nyingi za kuchagua meza, nami ninashangaa jinsi rangi inavyozungumzwa kwa kurasa na kimo kwa mstari mmoja.

Mbao zenyewe zataka macho makali kuliko umbo. Nyingi zinazotumiwa na mafundi wa Isiolo hushuka kutoka upande wa Meru, na mti mmoja upatikanao sana huko ni mgrivea, uliotoka Australia na ambao wakulima wengi huupanda mashambani, hata kati ya mikahawa ili uitilie kivuli. Napenda kufikiri kwamba ubao wa meza uliwahi kuifunika kahawa kabla ya kuibeba. Lakini mti hutoka katika nchi ya ukungu ukaja katika nchi ya jua, na mbao hunywa na kutema unyevu kama kitambaa. Ubao usiokauka vema, ukifika Isiolo, husinyaa. Nao husinyaa upande wa upana wake, si wa urefu. Kwa hiyo fundi akiupigilia misumari kwa vipande vilivyokingama chini yake, ubao utataka kusinyaa nao utazuiwa, na mwisho wake ni ufa. Piga magoti utazame chini ya meza kabla ya kuisifu juu. Muulize fundi mbao zilikaa uwanjani mwake muda gani. Uliza pia kama anayo mukau, mti wa nchi kavu ambao ni jamaa wa mwarobaini na mkangazi. Mbao zake hazipendwi na mchwa, na mti uliokua katika ukame haushangazwi sana na ukame.

Miguu je? Meza ya miguu mitatu haiyumbi kamwe, hata sakafu iwe na mabonde, kwa kuwa nukta tatu daima zimo katika bapa moja; mwalimu wako wa jiometri atakuthibitishia. Ya miguu minne huyumba juu ya sakafu isiyo sawa, mpaka uikunjie karatasi chini. Lakini hiyo ya mitatu ina udhaifu wake: mtoto akiegemea ukingo ulio kati ya mguu na mguu, yaweza kupinduka. Mpana miguu basi, na mfupi kimo.

Bei sitaitaja, kwa kuwa hubadilika. Nitataja njia ya kuisoma. Isiolo ni mji wa soko la mifugo, na hesabu nyingi za nyumbani hufanywa kwa mbuzi hata kama fedha hulipwa kwa simu. Ukitajiwa bei ya meza, igeuze iwe mbuzi, kisha uwatazame mbuzi hao wakitoka zizini mmoja mmoja. Meza ya kukopa, inayolipwa kwa miezi kumi na kupasuka mwezi wa sita, imekula mbuzi wasiorudi. Vijana wengi waliopata kazi ya kwanza huanzia hapo, kwa kuogopa kwamba rafiki akija atakuta mkeka. Na rafiki huyo, ikiwa ametoka Isiolo, yumkini amelelewa juu ya mkeka.

Ningeulizwa nichague kwa ajili ya chumba kimoja cha futi 10 kwa 12 katika mji huo, ningekiweka kochi moja tu, ukutani, na mkeka mbele yake. Juu ya mkeka ningeweka meza ya mviringo ya mukau, kipenyo chake sentimita 60, kimo chake 30, yenye miguu mitatu iliyotanuka na ukingo ulioinuliwa kidogo mfano wa sinia, ili kikombe kikiteleza kisianguke. Uso wake ungetoka katika miguu yake ukaegemezwa ukutani. Vanishi ya kung'aa nisingeipaka. Mafuta ya kitani yatosha, yakipakwa tena kila mwaka, maana vumbi la nyikani na mafuta ya kitani ni wa rangi moja, na hapana atakayeitwa kutoka kwenye daftari lake kwa ajili ya alama ya kidole.